Ngazi ya Mzee Semboja

Paukwa!

"Pakawa!"

Sogeeni, wa nyuma nao wasikie. Mwenye mtoto amfunike, maana hadithi hii ina ukungu.

Hapo kale, kapu la mpira lilipokuwa bado na kitako, siku hiyo walikuwapo hawa: Mzee Semboja, mwalimu wa mpira wa kapu. Bwana Hizza, mkuu wa chuo. Kupaza, mwanafunzi mrefu kuliko mlango. Mama Namvua, aliyelisuka kapu lenyewe. Mwamuzi na filimbi yake. Wachezaji wa chuo cha ng'ambo ya mto. Na ukungu. Ulikuja, ukakaa.

Chuo kilikuwa kijijini, juu mlimani. Kapu lilifungwa kwenye nguzo ndefu. Mpira ukiingia, hautoki. Basi kila goli lilitaka ngazi, na ngazi ilitaka mtu. Mtu huyo alikuwa Mzee Semboja. Kwichi, kwichi, anapanda. Kwichi, kwichi, anashuka. Goli la vijana wake, anapanda. Goli la wageni, anapanda pia. Akifika chini humwendea aliyekosa, humwambia neno sikioni. Neno gani, hatukujua. Tuliona tu uso wa kijana ukifunguka.

Miaka kumi na miwili alifundisha hivyo. Alijua nani hajala, akamwekea muhogo juu ya jani. Alijua nani amefiwa, akakaa naye bila kusema. Lakini alishindwa mara nyingi kuliko alivyoshinda.

Asubuhi ya mchezo na wale wa ng'ambo, Bwana Hizza akamwita.

"Mzee, nakuheshimu. Lakini leo ushinde. Sare siitaki. Usiposhinda, ufungashe."

"Nimesikia, Mkuu."

Kupaza alikuwa anafagia nje ya dirisha. Naye alisikia.

Mchezo ukaanza. Du, du, du. Goli la wageni, ngazi. Goli la wenyeji, ngazi. Goti la mzee likalia pamoja na ngazi.

Kijana mmoja wa wageni akacheka. "Babu, ukifika mbinguni utusalimie."

"Salamu zitafika. Nishikie ngazi basi, nisifike mapema."

Kijana akaona haya, akashika. Tangu hapo, kila mzee alipopanda, yeye ndiye aliyeshika.

Yakawa magoli matatu kwa matatu. Ukungu ukashuka. Ukameza kapu, ukameza nusu ya nguzo. Kupaza akapata mpira, akarusha. Mpira ukapanda, ukapotea kwenye weupe. Filimbi ya mwisho ikalia.

Wakangoja mpira uanguke. Haukuanguka.

"Umeingia," akasema Kupaza.

"Nani ameona?" wakauliza wageni.

Hakuna aliyeona.

Mwamuzi akasema, "Apande anayepanda siku zote. Atakalosema, ndilo."

Wageni hawakubisha.

Kwichi, kwichi. Kikapotea kichwa, kikafuata kiuno, vikafuata visigino. Huko juu kulikuwa kama ndani ya maziwa. Mzee hakumwona mtu, wala hakuonwa. Akapapasa ndani ya kapu. Tupu. Akapapasa nyuma yake. Mpira ulikuwa umebanwa kati ya kapu na nguzo. Kidole kimoja tu kingetosha, ungetumbukia kapuni.

Chini, Kupaza alikuwa anahema.

Mzee alikawia. Mama Namvua alisema baadaye kwamba angeweza kusuka mzunguko mzima wa kapu.

Kwichi, kwichi. Akashuka na mpira mkononi.

"Haukuingia," akasema. "Ulinaswa nyuma ya kapu."

Kupaza akainamisha kichwa. Mzee akamwendea, akamwambia neno sikioni. Kulikuwa kimya sana, kwa hiyo safari hii sote tulilisikia.

"Mkono wako ni mzuri, mwanangu. Kesho rusha tena, hata kama sipo."

Bwana Hizza hakubadili neno lake. Kulipokucha mzee alishuka mlima na kifurushi chake, vijana wake nyuma yake. Mtoni walimkuta yule kijana aliyeshika ngazi. Alikuwa amevuka mapema, akakipokea kifurushi, akakibeba kichwani.

Wanangu, mtu akiwa mbele za watu humjui bado. Mngojeni aingie ukunguni, kisha mumsikilize atakaposhuka.

Ngano yangu imefika ukingoni mwa kapu, nami naishusha hapa.

Msimu uliofuata walijaribu wapandaji watatu, na kila goli likazua ubishi. Mama Namvua akachukua kisu, akakata kitako cha kapu.