Kichupa cha Panya Mwingine

Kusanyikeni, wapendwa. Ninyi mlioketi karibu na mlango sogeeni mbele. Nawajua, mmekaa huko ili mpate kutoroka. Anayesinzia na aamshwe na jirani yake, kwa upendo, lakini kwa kiwiko. Mwenye masikio ayatege, kwa maana leo nawahubiria habari za panya.

Hapo zamani, tena si zamani ya mbali, palikuwa na nyumba ya utafiti kwenye mteremko wa milima ya Upare. Ndani yake walitumika watu watatu: Daktari Nakijwa, mtafiti, Ndugu Senkondo, mnunuzi wa vifaa, na Bi Mwanahija, fundi wa maabara. Juu yao alikuwa Mkuu, Profesa Kiondo, mwenye sauti ya ngurumo na huruma aliyoificha vizuri mno.

Daktari Nakijwa alichunguza majeraha. Mwili ukichomwa mwiba, hupiga kelele. Kelele hiyo ni protini, nayo huitwa kemokini. Chembe nyeupe za damu zikiisikia, hukimbilia jerahani kama waumini waliosikia kengele. Tofauti ni kwamba chembe huwahi. Na protini hiyo siku hizi haikamuliwi kutoka kwa panya. Bakteria hupewa maagizo yaliyonakiliwa kutoka mwilini mwa panya, nao huitengeneza kwa bidii pasipo kumjua panya mwenyewe, kama mwanakwaya aimbaye Kilatini.

Basi Nakijwa akachungulia ofisini kwa Senkondo.

“Kaka Senkondo, niagizie ile kemokini ya panya.”

“Ya panya?”

“Ya panya.”

“Ubarikiwe, dada.”

Hapo ndipo nyoka alipoingia bustanini. Nadhani siku ile viumbe walipopewa majina, mtoa majina aliwafikia panya akiwa amechoka. Akamwona yule mdogo anayeenea kwenye kikombe, akamwona na yule mkubwa anayemtazama paka usoni, akasema, “Ninyi wote panya, piteni.” Lakini watengenezaji wa protini huwatenga wawili hao kama kondoo na mbuzi. Nakijwa alifuga wale wadogo, weupe, wenye kulala juu ya pamba. Senkondo alimjua panya mmoja tu duniani: jitu lililokuwa likimmalizia mahindi ghalani. Akaagiza protini ya jitu lile.

Kichupa kikafika. Bi Mwanahija akakiinua kwenye mwanga.

“Daktari, tumeuziwa hewa. Hiki nakitupa.”

“Weee, acha! Unga wake ni kiduchu, umenata kwenye kifuniko. Kizungushe kwanza kwenye mashine, ushuke.”

Kikazungushwa, unga ukashuka, ukayeyushwa wote, ukawekwa chini ya utando wenye matundu yasiyoonekana kwa macho. Juu ya utando zikawekwa chembe nyeupe za panya mdogo. Zikiusikia mwito, zitapenya kwenda chini. Zisipousikia, zitakaa juu kama baadhi yenu mnavyokaa huko mlangoni.

Kisha Nakijwa akaokota kichupa kitupu, akasoma lebo, akapiga ukelele.

“Ya panya mkubwa! Jamani, chembe zangu ni za panya mdogo! Na unga umekwisha wote!”

Mkuu akaja. “Aliyeharibu kazi hii ataondoka kazini. Ni nani?”

Akasema Nakijwa, “Mkono wangu haumo. Nilisema panya, na panya wangu kila mtu humu anawajua. Hata mlinzi huwasalimu.”

Akasema Senkondo, “Mkono wangu haumo. Niliambiwa panya, nikaleta panya. Angetaka kijipanya, si angesema kijipanya?”

Akasema Mwanahija, “Mkono wangu haumo. Lebo niliisoma, ndiyo, nikajua si ya wale wetu. Lakini aliyeagiza ni daktari. Mimi ni nani hata nimhoji?”

“Ulisoma ukanyamaza?” akafoka Nakijwa.

“Nilinyamaza kwa heshima.”

“Heshima gani hiyo inayotabasamu?”

Mkuu akainua mkono. “Jioni nitaamua. Bi Mwanahija, kamwage huo uchafu.”

Mwanahija akaubeba ili akaumwage. Lakini chai ilikuwa imefika, na maandazi yalikuwa ya moto, na mwili ni dhaifu. Akauacha mezani.

Mchana Nakijwa akaukuta pale, akafurahi furaha isiyo takatifu. “Leo nimempata!” Akauweka chini ya hadubini, ili Mkuu aone uzembe wa Mwanahija ukiwa umekuzwa vizuri. Akainama kuchungulia. Akaifuta lenzi. Akachungulia tena.

Chembe zilikuwa zimepenya. Makundi kwa makundi zilikuwa zimeshuka! Panya mkubwa aliita, na chembe za panya mdogo zikaitika, ingawa mwenye mwito hakuwa wa nyumba yao.

Mkuu akaitwa, akatazama, akavua miwani. “Hili hatukulitafuta, wala hatukulitarajia. Aliyetuletea hili atapewa maabara mpya, na jina lake nitaliandika mlangoni kwa mkono wangu. Ni nani?”

Ee ndugu zangu! Wale wale, kwa vinywa vile vile!

“Mkono wangu umo!” akasema Senkondo. “Ningeleta panya mdogo, mngeuona mwito ule ule mliouzoea. Mimi ndiye niliyeleta mwito mgeni.”

“Mkono wangu umo!” akasema Nakijwa. “Kichupa kilikuwa njiani kwenda pipani, nikakiokoa. Na jicho lililoona ni langu.”

“Jicho lililokuwa linanitafutia kufukuzwa!” akasema Mwanahija. “Mkono wangu umo. Nilijua protini ni ya panya mwingine, nikaitia. Nikaambiwa niimwage, sikuimwaga.”

“Ulikwenda kula maandazi!”

“Imani ina njia nyingi, Daktari.”

“Na wewe Senkondo, ulikuwa unawaza ghala lako!”

“Nani kati yetu alikuwa anawaza kemokini, dada? Taja mmoja.”

Mkuu akasimama mbele ya mlango mpya, brashi mkononi, rangi ikidondokea kiatu chake. Maana alikuwa ameapa mara mbili siku ile: aliyekosea ataondoka, na aliyegundua atapewa mlango. Na sasa kila aliyeudai mlango alikuwa, kwa kinywa chake mwenyewe, amelikiri kosa. Papara ya mmoja ilileta mwito. Uvivu wa mwingine uliuhifadhi. Chuki ya mwingine iliuona. Angewafukuza wote, maabara ingebaki na panya peke yao. Angewatuza wote, mlango ungekuwa mdogo.

Nami nawahurumia, kwa kuwa nawajua. Wameketi humu, na safu zao nazijua.

Semeni basi, wapendwa: je, nani alistahili mlango ule, na nani alistahili kutoka kwenye lango la nje?

Jibuni. Lakini wewe, kabla hujamnyooshea kidole Senkondo, lipo kosa lako ulilolikana asubuhi hii ukasema mkono wako haumo. Inuka, ukalikiri leo kwa jina lako, kabla halijaanza kukuletea sifa.