Mkamuo wa Pili wa Nansia

"Maji ya machicha hayapatanishi ndugu." Mwalimu wa zamu alitoa hukumu hiyo asubuhi, baada ya Frumensi kumwomba mwenzake radhi huku akitafuna muwa. Mchana wanafunzi wakamzingira Mzee Lyatuu, mpishi wa shule, wakitaka kujua machicha yameingiaje katika ugomvi wa bweni. Mzee akafunika sufuria ya maharage, akaketi juu ya gunia. "Chanzo chake ni hiki," akasema, akaanza kusimulia.

Huko mlimani palikuwa na mjane aitwaye Nansia, fundi wa pombe ya ulezi asiye na mpinzani. Hata wazee waliokatazwa pombe na wake zao walishikwa na kizunguzungu kila walipopita kwake, wakalazimika kuketi kidogo. Alikuwa na binti mmoja, Ndeshi, na kaka mmoja, Kisamo. Yeye na huyo kaka hawakuwa wamesalimiana miaka minane, kwa ajili ya migomba mitatu ya mpakani ambayo Nansia aliivuna akijua wazi si yake.

Ndeshi akapata mchumba. Kwa desturi yao, pombe ya posa haikunywewa mpaka mjomba wa binti aionje na kuitikia. Nansia akatuma ujumbe wa toba. Kisamo akajibu kwamba atakuja, wanywe kibuyu kimoja cha suluhu kabla wakwe hawajafika.

Kimea kilikuwa kikapu kimoja tu. Nansia akakisaga, akakipika uji, akauacha uchachuke, kisha akauchuja kwa kung'uto. Mkamuo wa kwanza ulitoka mzito, mwekundu kama udongo, wa kupanda puani. Akautazama, akajisemea kwamba mkwe hupima nyumba kwa kinywaji chake, lakini ndugu ni ndugu, atavumilia. Akauweka wote kwa ajili ya wakwe. Machicha yaliyobaki akayamwagia maji ya moto, akayakamua tena, akatia asali na unga uliokaangwa ili rangi isimsaliti. Huo ukawa mtungi wa kaka.

Kisamo alifika mapema, amevaa koti lake la harusi. Nansia akanywa kwanza, kama desturi ilivyotaka, kisha akampa kibuyu. Kisamo akameza funda moja.

"Nansia, kimea hiki umekikamua mara ngapi?"

"Mara moja tu, kaka. Ulimi wako umezeeka."

"Ulimi huu ulionja pombe ya mama kabla wewe hujazaliwa. Nijibu."

"Mara moja. Nakuapia."

Kisamo akakitua kibuyu taratibu. "Ungesema, 'Kaka, ulezi umekuwa mchache,' ningekunywa hata maji matupu, tukacheka. Ile migomba nilishaisamehe nikiwa njiani."

"Basi keti, kaka. Ngoja nikuletee ile nyingine."

"Kumbe ipo nyingine," akasema Kisamo, akachukua fimbo yake.

Wakwe walipofika waliisifu harufu ya mitungi, kisha wakauliza alipo mjomba. Nansia akasema anaumwa tumbo. Wakangoja mpaka vivuli vikarefuka, wakaaga kwa heshima zote, na hawakurudi tena. Ndeshi hakumlaumu mama yake. Alikaa tu akiitazama pombe ambayo hakuna aliyekuwa na ruhusa ya kuinywa, na Nansia aliona heri angetukanwa.

Wiki ile Nansia akaazima ulezi, akapika upya, mkamuo mmoja tu, akaupeleka kwa kaka yake. Kisamo alimpokea vizuri, akampa kiti, akamuuliza habari za mvua. Kibuyu hakukigusa. "Mpe Ndeshi pole," alisema.

Nansia akarudi na mtungi wake kichwani, umejaa vilevile. Jirani mmoja akamsimamisha: "Mama Ndeshi, pombe nzuri namna hii inarudije nyumbani?"

Safari hii hakutafuta uongo.

"Maji ya machicha," akasema, "hayapatanishi ndugu."