Mteremko wa Wusi

Wahenga waliosema "kawia ufike" hawakumkataza mtu kwenda mbio. Walimkumbusha tu kwamba maana ya safari ni kufika. Mchungaji Wanjala aliijua methali hiyo tangu utotoni kwao Bungoma, na aliwahi kuihubiri. Lakini kuihubiri si kuiishi.

Yeye na mkewe, Christabel, walikuwa wamisionari. Kanisa lao lilikuwa limewatuma Wusi, katika milima ya Taita, ambako asubuhi ukungu huyalalia mashamba kama maziwa yaliyomwagika, na jogoo huwika kana kwamba yumo ndotoni. Waliwapenda watu wa huko, na watu waliwapenda. Kilichowalemea ni bei. Unga ulipanda, sukari ikapanda, na dizeli ikapanda ikasahau kushuka, ilhali msaada uliotoka kwa kanisa lao ulibaki uleule. Christabel alilima sukuma wiki nyuma ya nyumba na kurudia kupikia kuni. Wanjala naye akabuni njia yake ya kubana matumizi: kila alipoteremka kwenda mjini Mwatate, alizima injini ya pikapu yao kuukuu na kuiacha iserereke yenyewe, kona baada ya kona, upepo ukiimba dirishani. Mkewe alimsihi aache. Kila mara alijibiwa kwamba Mungu huwalinda walio wake.

Asubuhi moja ya masika, Danson, jirani yao mkulima, alibisha mlangoni akihema. Mkewe, Wakio, ambaye ndiye aliyeongoza kwaya kanisani, alikuwa ameshikwa na uchungu tangu jana yake. Muuguzi wa zahanati alisema mtoto amelala vibaya tumboni, na sharti mama afikishwe hospitali kubwa ya Voi. Gari lililokuwa karibu ni la mchungaji tu, na dizeli ilikuwa imebaki kidogo mno.

Walimlaza Wakio kwenye kiti cha nyuma, Christabel akakipakata kichwa chake. Danson aliketi mbele, akimhimiza mchungaji akanyage mafuta. Walipofika penye mteremko, mkono wa Wanjala ulikwenda wenyewe kwenye ufunguo. Angezima injini, dizeli ingewafikisha, na gari lingekwenda kama mshale. Wakio alimwona.

"Pasta," akasema kwa sauti ndogo, "mimi sitaki kwenda haraka. Nataka kufika."

Mkono ukarudi kwenye usukani. Wakashuka kwa gia ya pili, injini ikinguruma, miti ikijitokeza mmoja mmoja katika weupe na kupotea tena. Lori la kabichi liliwapita likipiga honi ndefu, kisha ukungu ukalimeza. Danson alilalamika kwamba hata lori lenye mzigo limewashinda.

Kona chache mbele, kabichi zilianza kubingirika taratibu kutoka ndani ya ukungu, kana kwamba mtu asiyeonekana alikuwa akizisukuma. Wanjala akafunga breki. Mvua ya usiku ilikuwa imemega nusu ya barabara. Lori lilikuwa limelala ubavu ukingoni, magurudumu yake yangali yakizunguka, na kando yake hapakuwa na kitu ila weupe mtupu. Mchungaji alijua breki za gari lililozimwa injini zisingewasimamisha pale.

Dereva wa lori, mtu aitwaye Ooko, alitoka akiushika mkono wake uliovunjika. Utingo wake alikuwa salama. Ooko alipomwona Wakio, hakuuliza mengi. Alimwambia utingo anyonye dizeli kwa mpira kutoka tangi la lori aitie kwenye pikapu. Wanjala akaanza kuzungumzia malipo.

"Mpeleke mama, Mchungaji," Ooko akasema. "Mimi ndiye niliyewapigia honi."

Utingo akabaki kulinda lori, naye Danson akamwachia Ooko kiti cha mbele. Kisha akatangulia kwa miguu, akimwelekeza mchungaji kwa mkono, mpaka gari likapita kwenye sehemu ya barabara iliyobaki. Akapanda nyuma penye mizigo, akalowa kwa ukungu, wala hakuhimiza mtu tena.

Chini ya milima ukungu uliisha, na bonde la mkonge likafunguka. Kabla ya Voi, ndovu walikuwa wakivuka barabara, wekundu kwa udongo, kimya kama mawazo. Wanjala aliikaribia honi.

"Subiri, Baba Shanice," Christabel akamnong'oneza mumewe.

Akasubiri. Ndani ya gari ilisikika pumzi ya Wakio tu, ikipanda na kushuka. Ndama wa mwisho alisimama, akawatazama, kisha akaufuata mkia wa mama yake hadi vichakani.

Huko Voi, Wakio alipelekwa moja kwa moja kwenye chumba cha upasuaji. Wanaume watatu walikaa kwenye benchi moja, Ooko mkono ukiwa umefungwa plasta, Danson akiomba kwa Kidawida, lugha ya kwao Taita, bila kutoa sauti. Mchana ulipoanza kupinda, mlango ulifunguliwa. Daktari alisema mama amechoka lakini yu hai, na mtoto ni msichana. Danson akainama akalia, na mchungaji akalia naye.

Bei hazikushuka. Tangu siku ile Wanjala aliwatembelea waumini wake kwa miguu, akifika amechelewa, viatu vimejaa tope, na gari lilipokuwa la lazima aliteremka injini ikinguruma. Walioulizia sababu aliwapeleka kwa Danson, wakamwone msichana aliyekuwa akijifunza kutambaa uani. Kweli, kawia ufike.