Mkate Uliopigwa Jicho

Kaeni vizuri, tusogezeane kidogo. Aliyeegemea nguzo namuomba asisinzie, maana leo ninazungumza habari za chakula, na mtu akilala kwenye habari za chakula huamka na njaa. Mola atujaalie tusikie na tuyashike.

Mimi jikoni ni mgeni. Mke wangu ni shahidi, na yuko hapo nyuma ya pazia ananisikia. Chai tu nikiachiwa niangalie, inafurika na kuzima moto. Kwa hiyo nikikosea mahali, akina mama mnisamehe, mje mnisahihishe baadaye, si sasa mbele za watu.

Kulikuwa na mama mmoja, hodari wa mkate wa kumimina. Mnaujua mkate huo. Mchele unalowekwa, unasagwa pamoja na tui zito, unatiwa hamira na iliki, unaachwa mpaka uumuke na kufanya mapovu. Halafu unamiminwa kwenye sufuria iliyopakwa samli, moto mdogo chini, kifuniko cha bati juu, na juu ya kifuniko makaa. Hapo ndipo penye kazi yenyewe, na kazi yenyewe ni kukaa. Hukorogi, hugeuzi. Unakaa unaungoja.

Nasikia mnanong'ona huko nyuma. Mnajua jambo nyinyi. Tulieni, msiniharibie mfano wangu.

Mama huyu alikuwa na jirani yake, mjane, watoto wake wote wameolewa mbali. Nyua zao zilitenganishwa na ukuta mmoja, na kwenye ukuta ule palikuwa na kimlango. Miaka kumi na minane, kila siku ya mkate, yule jirani alipita kwenye kimlango kile na mbuzi yake ya kukunia nazi kwapani. Anakaa, anakuna nazi. Makaa yakishapandishwa juu ya kifuniko, anaanza kuzungumza. Alikuwa na maneno yule mama. Habari za mtaa huu zikimwishia, anaingia mtaa wa pili. Wanacheka, wanabishana, wanasahau kama kuna kitu motoni. Mara harufu inawaambia mkate umeiva. Jirani anafungiwa vipande vyake viwili, anarudi kwake. Hivyo ndivyo walivyoishi.

Sasa ikatokea siku moja yule jirani ameingia kimya. Amejitanda kanga mpaka puani. Anasalimiwa, anaitikia kwa kichwa. Akakuna nazi zake zote mbili. Aliporudi tena baada ya unga kuumuka, akachungulia bakuli, akauona umejaa mpaka ukingoni, akatikisa kichwa kama mtu aliyeridhika, kisha akajiondokea. Hata makaa hakungoja.

Siku ile mkate ukabonyea. Ulipofunuliwa ulikuwa na shimo katikati, chini mbichi, unanata kwenye kisu. Yule mama alisimama akautazama, na sitaki kumcheka, kwa sababu aliumia. Kitu ambacho mkono wako umekifanya miaka yote kikikukataa siku moja, unajisikia vibaya.

Wakati uleule wifi yake akaingia kumtembelea. Akaja akautazama mkate, akamtazama mwenye mkate.

"Wifi, nani aliuona huu kabla haujaingia motoni?"

"Nani atauona? Jirani tu, yule wa siku zote."

"Alisema Mashallah?"

Yule mama akafikiri. "Hakusema. Leo hakusema kitu chochote."

"Aliuangalia, akanyamaza, akaondoka zake?"

"Ndiyo."

"Basi," wifi akasema. "Kikulacho ki nguoni mwako. Mimi simo."

Wanaosema "mimi simo" mnawajua. Ndio waliomo.

Ndugu zangu, sisemi kwamba jicho halipo. Tumefundishwa kwamba lipo, na tumefundishwa na kinga yake. Lakini nataka muone lilivyofanya kazi neno lile moja, "basi". Miaka kumi na minane ya nazi ilikunwa bure. Jioni ile yule mama akakitia komeo kile kimlango.

Baada ya siku tatu akajaribu tena. Jirani akasikia kinu, akasikia maji, akaja na mbuzi yake, akakuta mlango haufunguki. Akagonga.

"Mwenzangu, ni mimi. Nimekuja na nazi."

Kutoka ndani akajibiwa, "Leo sipiki."

Na huku iliki inanukia mpaka barabarani. Nawauliza, harufu ya iliki inazuiwa na komeo? Yule jirani alisimama nje ya mlango na nazi yake mkononi, akijua anadanganywa, na hajui amekosa nini. Sijui kama kuna kitu kinachomdhalilisha mtu mzima kuliko hicho. Akarudi kwake.

Na mkate ukabonyea. Safari hii yule mama akasema jicho limepita juu ya ukuta. Mara ya tatu akatundika kanga mbili dirishani na kufukiza ubani, akasoma alivyojaaliwa kusoma, ukabonyea vilevile. Akabadilisha mchele. Akabadilisha hamira. Akamlaumu muuza duka. Miezi miwili ikapita hivyo. Mtu aliyewalisha watu futari mtaa mzima, sasa anawapa kuku wa watu mkate.

Sasa sikilizeni, maana jambo limekuwa zito. Binti yake akaletewa habari ya posa. Kijana mwenye adabu, watu wa dini, wenyewe wamependana kwa heri. Wakasema watakuja Jumapili alasiri, na mama wa kijana akatuma salamu. Akasema, "Mwambieni mwenzangu asihangaike na mapilau. Mimi nataka ule mkate wake ninaousikia."

Ni salamu ya heshima hiyo, lakini ilimkosesha raha yule mama. Aliona kama binti yake ataanza ndoa kwa kuchekwa. Watasema kama sifa ya mkate ni uongo, na sifa ya binti je? Tusimlaumu kwa kufikiri hivyo. Sisi wenyewe ndio tunaosema maneno hayo watu wakishatoka.

Jumapili ikafika. Adhuhuri imesaliwa, mkate umeshamiminwa, makaa yako juu. Binti yuko ndani anapambwa. Yule mama yuko peke yake uani, kitambaa mkononi. Akasogea kwenye sufuria. Mkono ukaenda kwenye kifuniko.

Mara sauti ikatoka upande wa pili wa ukuta.

"Mwenzangu, usifunue."

Yule mama akaganda. Ni sauti ya jirani. Kwanza akapandwa na hasira. Kumbe kweli ananichungulia! Akatazama juu ya ukuta, hakuna mtu.

"Unaniona wapi wewe?" akauliza.

"Sikuoni. Nasikia bati. Siku zote hizi nasikia bati lako linalia. Linalia mara nne, mara tano, kila mkate. Unafunua nini, mwenzangu? Zamani hukuwa unafunua."

Yule mama akautoa mkono kwenye kifuniko. Kwa sababu ni kweli alikuwa anafunua. Alikuwa anafunua kutazama kama jicho limeshafika. Na kila alipofunua, baridi iliingia na mkate ukashuka. Na ile siku ya kwanza, siku jirani alipoondoka mapema? Akakumbuka. Siku ile hakuwa na wa kuzungumza naye. Alikaa peke yake, kimya kikamchosha, akafunua mara moja, akafunua tena.

Mnaona sasa? Miaka kumi na minane yule mama alidhani kazi ya jirani ilikuwa nazi. Kumbe kazi kubwa ilikuwa ni yale maneno. Yalikuwa yanaushika mkono wake usiende kwenye kifuniko. Akamfukuza mlinzi wa mkate wake kwa tuhuma za wizi wa mkate.

"Kaa chini," jirani akasema kutoka kule kwake. "Weka mikono mapajani. Nikuhadithie mbuzi wa bibi harusi wa mtaa wa pili alivyokula barua ya posa."

Na akahadithia. Ukuta katikati, mlango umetiwa komeo, na yeye anahadithia kama vile hakuna kilichotokea. Yule mama akakaa. Mwanzo alisikiliza kwa aibu. Baadaye akacheka, hakutaka lakini alicheka, halafu akalia, na akiwa katikati ya kulia harufu ikamfikia. Akaipua. Mkate umeumuka, umepiga rangi, umejaa matundu vilivyo.

Akaenda kwenye kimlango akatoa komeo. Jirani alikuwa amesimama palepale.

Yule mama akamwambia, "Nisamehe. Lakini nataka kukuuliza jambo moja, maana ndilo lililonikaa moyoni. Siku ile uliuangalia mkate wangu ukanyamaza. Kwa nini hukusema Mashallah?"

Jirani akamtazama kwa mshangao.

"Siku ile? Siku ile asubuhi nilitoka kung'olewa jino. Nilikuwa na pamba mdomoni mwenzangu, damu haijakatika. Nilikwambia kwa kichwa. Nilijua huna wa kukukunia nazi, ndiyo maana nikaja."

Sina haja ya kuwaambia wageni walisemaje kuhusu mkate. Walikula, wakaomba wa kupeleka nyumbani, posa ikapokewa. Hayo mazuri, alhamdulillahi. Mimi nimebaki na ile pamba.

Mtu ametoka kung'olewa jino, mdomo umejaa damu, mwingine angejilaza. Yeye amejitanda kanga amekuja kukukunia nazi. Na wewe kwa miezi miwili unamtafutia kisomo cha kumkinga. Wifi alisema kweli, kikulacho ki nguoni mwako. Alikosea nguo tu. Jicho lililokuwa likiuangalia mkate ule kila baada ya dakika tano lilikuwa la mwenye mkate mwenyewe.

Na sisi je? Msimcheke yule mama, kwa sababu kila mmoja wetu ana kimlango alichokitia komeo. Biashara imelala, tunauliza nani alipita dukani. Mtoto amefeli, tunauliza nani alimsifia. Ndoa imeingia baridi, tunamtafuta wa kumtuhumu nje ya nyumba, na huku sisi wenyewe ndio tuliokuwa tunafunua kifuniko asubuhi na jioni, tunapekua simu, tunahoji, tunachungulia, hatukipi kitu nafasi ya kuiva. Kinabonyea, tunasema kimepigwa jicho. Tazama mkono wako uko wapi kwanza.

Halafu kuna watu wametunyamazia. Ndugu yako hajapiga simu tangu mwezi uliopita. Yule wa safu ya mbele hapa alikuwa anakupa mkono kila Ijumaa, sasa anatoka bila kukutazama. Umeshamfungulia kesi moyoni, umeshatoa na hukumu. Nami nimo. Kuna mzee mmoja wa msikiti huu, alinipita njiani wiki mbili zilizopita, nikamwinulia mkono wa salamu, hakuitikia. Nikasema, sawa, na yeye akinisalimia tutaona. Mimi, imamu wenu. Jana ndiyo nimeambiwa macho yake yamekuwa mazito, haoni watu mpaka wamsogelee, na anaona haya kusema. Wiki mbili nimembeba mzee wa watu kifuani kwa kosa ambalo hakulifanya. Nimekwenda kwake leo asubuhi, nimemwomba msamaha, na mkewe alinipa mkate. Sikuuliza ni wa kumimina au wa aina gani, nilikuwa na aibu ya kutosha.

Basi mwenzako akikunyamazia, usianze kumuuliza ana nini na wewe. Muulize kama anaumwa. Labda ana pamba mdomoni, na hata hivyo amekuja.

Dua ya leo nitaifupisha. Magharibi bado, na kuna watu humu nataka wawahi kugonga mlango kabla jua halijazama.