Nyuso Alizochora Profesa

Wahenga hawakusema ovyo waliposema kuwa mganga hajigangi. Mtu anaweza kuwa bingwa wa kutambua maradhi ya wenzake, akawapa dawa wakapona, lakini yakimpata yeye asiyatambue. Profesa wa biashara tunayemsimulia hapa alikuwa mganga wa aina hiyo, ila hakubeba tunguri. Alibeba mkoba wa ngozi na kompyuta.

Kwa miaka mingi alichunguza tabia za watu kazini, hasa jambo moja: kwa nini mkubwa haambiwi ukweli. Wenye kampuni walimwalika awafunze, wakakaa kimya kama maji mtungini kumsikiliza.

"Aliyeshika mpini asiwaulize walioshika makali kama kisu ni kizuri," aliwaambia. "Ukitaka ukweli, muulize asiyekuogopa wala kukutegemea."

Walimpigia makofi, naye akarudi nyumbani kuchora. Uchoraji ulianza kama burudani ya mwisho wa wiki, katika chumba cha nyuma kilichonuka rangi ya mafuta. Alipenda kuchora nyuso. Bahati mbaya, kila aliyemchora, awe bibi harusi au mlinzi wa lango, alitoka na sura ya mtu anayeumwa jino. Mkewe, ambaye alikuwa muuguzi, alivumilia. Picha zilijaa chumba cha nyuma, zikahamia sebuleni, hatimaye zikafika jikoni juu ya jiko.

Siku moja wakiwa mezani, profesa alitangaza kwamba ataacha kazi kabla ya wakati wa kustaafu, akodi ukumbi wa kuonyeshea na kuuzia picha zake, na kuishi kwa brashi. Mkewe alishusha kijiko, akamuuliza ni nani aliyemwambia kwamba picha zile zinaweza kulisha nyumba. Profesa aliona swali ni la haki, maana yeye ni mtu wa utafiti. Aliahidi kukusanya maoni kabla ya kuandika barua ya kujiuzulu.

Akayakusanya kweli. Aliwaita ofisini wanafunzi wake wa shahada za juu, mmoja mmoja, akawaonyesha picha alizoziegemeza ukutani. Mezani, kati yake na wao, zilirundikana tasnifu zao ambazo alikuwa hajazisahihisha. Wote walizisifu picha. Mmoja hata machozi yalimlengalenga, ingawa huenda alikuwa na yake yaliyomliza. Msaidizi wake, binti mpole aliyekuwa akimalizia shahada ya uzamivu, alizitazama kwa muda mrefu, kisha akasema hajawahi kuona nyuso kama zile. Hilo lilikuwa kweli tupu.

Profesa alirudi nyumbani kichwa kimevimba kwa sifa. Mkewe alimsikiliza mpaka akamaliza.

"Umewauliza huku tasnifu zao ziko mbele yako?"

"Sasa ningewaulizia wapi? Ofisi ndiyo hiyo."

"Mume wangu, mwenye kampuni akifanya hivyo, wewe ungemwambiaje?"

"Huyo ni bosi na wafanyakazi wake. Hawa ni wanafunzi wangu, wananipenda."

Mkewe aliinuka akaenda zake jikoni, kwani sikio la kufa halisikii dawa. Barua ilipelekwa, ikajibiwa upesi kuliko profesa alivyotarajia. Msaidizi alihitimu, akapewa vipindi alivyoviacha profesa.

Siku ya kufungua ukumbi, vitambaa vyeupe vilitandikwa na juisi ikamiminwa. Wanafunzi wote walikuwa wamealikwa. Hakuna aliyetia mguu. Alasiri alifika yule msaidizi peke yake, kwa heshima tu. Alizunguka kuta zote polepole. Profesa akamuuliza ni ipi aliyoipenda.

"Profesa, nisamehe. Hakuna."

"Lakini kule ofisini ulisema..."

"Kule ulikuwa na tasnifu yangu mkononi. Na ni wewe uliyetufundisha kwamba mtu hamwambii ukweli anayemtegemea." Binti aliinamisha kichwa. "Sote tulidhani ni jaribio la utafiti wako. Tukasubiri utuambie matokeo."

Profesa aliketi. Aibu ilimchoma, lakini kilichomuuma zaidi ni ile kazi aliyoipenda, ambayo sasa ilikuwa ya mwingine na hairudi. Aliwaonyesha wakubwa wengi ugonjwa huo, wakajitibu. Ulipomwingia yeye, aliuita mapenzi ya wanafunzi. Kweli, mganga hajigangi.