Chupa Nane Mgongoni

Ndugu zangu, niliwahi kujiaibisha Ufaransa. Wenyeji walinipeleka kutazama mashindano ya baiskeli, nikasimama kando ya barabara saa tatu nzima, jua likinichoma kipara. Kundi lilipopita, mimi nilikuwa nimeinama nafunga kamba ya kiatu. Nilipoinuka nikaona migongo tu ikiishia kwenye kona. Mara akatokea mmoja peke yake, jezi imetuna kifuani na mgongoni kama mwenye nundu. Nikaruka na tumbo langu hili: "Wa kwanza! Wa kwanza huyo!" Mama mmoja jirani yangu akanishika mkono. "Mchungaji," akasema taratibu, "huyo ni wa mwisho. Anawapelekea wenzake maji."

Njia nzima ya kurudi nilimfikiria mtu yule. Sikumjua jina wala kwao, basi nimemtungia maisha mwenyewe. Sikilizeni.

Kulikuwa na Mfaransa mmoja aliyekula kwa jasho la baiskeli. Msidhani alikuwa bingwa. Miaka kumi na miwili kazi yake ilikuwa moja: timu ikipata kiu, anarudi nyuma mpaka kwenye gari la timu, anajaza chupa za maji ndani ya jezi, kisha anakanyaga pedeli kama mwendawazimu kuwafikia wenzake tena. Ushindi wake mwenyewe? Hakuna hata mmoja. Na mama yake, mfuga mbuzi, hakuwahi kumwona akishindana, maana mbuzi hawajui likizo. Kwenye simu alikuwa akimuuliza, "Leo ulikuwa wapi, mwanangu?" Naye anajibu, "Nilikuwa katikati, mama." Kisha anabadilisha mazungumzo.

Mwaka wake wa mwisho, mashindano yakapangwa kupita kijijini kwao. Sasa, waendesha baiskeli wana desturi nzuri: wakikaribia kwa mwenzao, kundi zima hupunguza mwendo, naye huachiwa atangulie peke yake akasalimie ndugu zake. Hakuna anayeshindana naye hapo. Miezi sita alikuwa akiisubiri siku hiyo. Angalau mara moja, mama amwone mbele!

Siku ikafika, na joto la kukausha mate. Zikiwa zimebaki kilomita tano, nahodha wao, kijana wa miaka ishirini na miwili, akamsogelea. Midomo imepauka, chupa zote tupu.

"Kaka, tangulia. Mama anakusubiri."

"Na maji?"

"Tutavumilia."

Akamtazama kijana yule. Akatazama mnara wa kanisa la kwao, umeshaanza kuonekana juu ya miti. Wenzake wawili wa kubeba maji walikuwa wamepata pancha huko nyuma. Nani mwingine wa kutumwa? Akaacha kukanyaga. Kundi likampita.

Gari la timu lilipomfikia, kocha akatoa kichwa dirishani. "Wewe umechanganyikiwa? Kwenu si pale?"

"Nipe nane," akasema. "Haraka."

Kijijini watu walikuwa wamebandika jina lake kwenye shuka. Kundi likapita lote, vuuu! Hayumo. Shuka likaanza kushuka mikononi mwao. Ndipo akatokea peke yake, nundu mgongoni, uso mwekundu. Hakuna aliyepiga makofi. Akamwona mama yake ukingoni mwa barabara, bado na aproni. Akafunga breki, mguu mmoja chini.

"Mama," akasema. "Nilitaka leo unione mbele."

Hebu tumwache hapo kidogo, mguu chini, tujitazame sisi. Sisi tungerudi nyuma? Mimi nikialikwa harusini huuliza kwanza meza kuu iko upande gani. Nawajua na ninyi. Lakini humu ndani yumo anayemgeuza mgonjwa kitandani mwaka wa tatu sasa. Yumo anayebaki kusugua masufuria wakati sisi tunapiga picha. Nao wanaumia kimya kimya: nitamwambia nini Mungu, mimi ambaye sikushinda chochote? Wapendwa, tumemdhania Mungu kuwa mtu wa kukaa mwisho wa barabara na saa mkononi, akiandika nani wa kwanza. Mimi simwoni huko. Namwona pale alipo yule mama.

Maana mama hakulia, wala hakumuuliza amekuwa wa ngapi. Alimbusu paji la uso lenye jasho. Akapitisha mkono mgongoni mwake, akazigusa zile chupa moja moja, bado za baridi. Kisha akampiga kofi la begani.

"Sasa umesimama nini hapa? Maji yanapata moto!"