Anwani ya Zamani ya Lango

Jumatatu asubuhi barua pepe za chuo ziligoma kutoka. Zilizoingia ziliingia vizuri, lakini kila iliyoandikwa kwenda nje ilikwama ndani ya seva na kurundikana juu ya nyingine. Adwoa Frempomaa, mkuu wa kitengo cha barua pepe, alikuwa hajaugusa uji wake wakati simu za malalamiko zilipoanza kumiminika. Alipoiweka chini simu ya mwisho, alikuwa amefura kama unga uliotiwa hamira.

Hakuhitaji mtu wa kumpigia ramli. Mwisho wa juma, kompyuta inayopeleka barua nje, waliyoiita Lango, ilikuwa imehamishiwa jengo jipya na kupewa anwani mpya. Kazi ya kuitangaza anwani hiyo ilikuwa ya Selorm Agbeko, msimamizi wa seva ya majina, ile ambayo kompyuta zote huiuliza fulani yuko wapi, nayo ikajibu. Adwoa aliiamuru seva yake ilitafute Lango. Ikaenda kulekule kwa zamani, ambako hapakuwa na kitu. Damu ikamchemka. Selorm huyuhuyu ndiye aliyewahi kusema kikaoni kwamba kitengo cha barua pepe kinafanya kazi kwa kubahatisha, na neno hilo lilikuwa bado limemkaa Adwoa kooni kama mwiba wa samaki.

Akaingia ofisini kwa Selorm bila hodi.

"Kaka Selorm, anwani ya Lango hukuibadilisha."

"Habari za asubuhi, Madam. Niliibadilisha Jumamosi. Njoo uone."

Selorm aliiuliza seva yake, na anwani mpya ikajitokeza kwenye skrini. Adwoa hata hakuinama kutazama.

"Hayo unayaona wewe hapa kwako. Seva yangu inapelekwa pengine."

"Kompyuta zote za chuo zinalipata Lango, isipokuwa yako. Umeangalia ndani yake? Seva hutazama faili lake yenyewe kwanza, ndipo ije kuniuliza mimi. Huenda kuna anwani iliyoandikwa humo."

"Unanifundisha kazi?" Adwoa alicheka kicheko kikavu. "Nilizifunga seva hizi wewe ukiwa bado unatafuta kitufe cha kuwashia. Uzembe wako usiutupe uani kwangu."

"Basi angalia tu, Madam. Kuangalia hakuumi."

Neno hilo likawa petroli juu ya moto. Adwoa alitoka akiubamiza mlango, na ukumbini akakutana na Mariama Alhassan, mwalimu wa shule ya uuguzi, aliyekuwa akimtafuta.

"Auntie Adwoa, majina ya wanafunzi wangu yanatakiwa hospitalini Accra kabla ya adhuhuri, nao hawayapokei ila kutoka anwani ya chuo. Yakichelewa, nafasi za mafunzo wanapewa wengine."

"Mwenye makosa ninamjua," Adwoa akamjibu, "na leo atanitambua."

Badala ya kurudi kwenye seva yake, akapanda kwa mkurugenzi, Profesa Bannerman. Huko alimchambua Selorm kama karanga: mzembe, mjuaji, mtu wa kutunza kinyongo. Profesa, ambaye simu yake nayo ilikuwa haijanyamaza tangu alfajiri, alimwita Selorm, akampokonya funguo na kumsimamisha kazi. Selorm aliondoka, taya zimemkaza. Seva ya majina ikakabidhiwa kwa Adwoa.

Akaifungua kwa shauku ya mtu anayekwenda kuuona uchi wa adui yake. Anwani ya Lango ilikuwa mpya, sahihi, na ilibadilishwa Jumamosi.

Hasira yake ikakosa pa kushika. Alirudi kwenye seva yake ya barua na kulifungua lile faili alilokuwa amekataa kulitazama. Jina la Lango lilikuwamo, na mbele yake anwani ya zamani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiandika, msimu wa mvua uliopita, seva ya majina ilipozimika na barua zikataka kutoka upesi. Alikuwa ameahidi kuiondoa, akasahau.

Akaifuta. Barua zikachomoka kama kumbikumbi baada ya mvua, lakini adhuhuri ilikuwa imekwisha pita. Mariama alirudi na jibu la hospitali mkononi. Nafasi zilikuwa zimechukuliwa.

"Mwenye makosa ulisema unamjua," alisema Mariama kwa sauti ya chini iliyokata kuliko kisu. "Nikawaambie wanafunzi ni nani?"

Adwoa angeweza kunyamaza. Mstari wa anwani ile ulikuwa umefutika, na hakuna aliyemwona akiufuta. Lakini alipofikiria zile taya zilizokaza, hasira aliyokuwa ameitupia dunia nzima ikamgeukia yeye.

"Waambie ni mimi," akasema.

Akapanda tena kwa Profesa na kuyarudia maneno hayo. Selorm akaitwa, akarudishiwa funguo, na Adwoa akapokea barua ya onyo. Aliponyoosha mkono kumwomba radhi, Selorm hakuushika.

"Nilikuomba uangalie kwako, Madam," alisema. "Neno moja tu. Ukaona ni matusi."

Akaenda zake kazini, naye Adwoa akabaki amesimama na mkono wake hewani. Ama kweli, nyani haoni kundule, huliona la mwenziwe.